Ivunje karafuu kabla hujaitia guniani

Miaka nilipokuwa mkubwa wa ofisi huko Unguja, karafuu niliijua kwa tani na saini. Nimestaafu, nimerudi Wete, na juzi mjukuu wangu kanichekea mbele ya jamvi: "Babu, hii bado mbichi!" Mimi nilishashika gunia.

Basi fanya kama alivyonionyesha. Usichukue ya juu, hiyo siku zote imekauka. Tia mkono chini, katikati ya jamvi, toa moja, uivunje kwa kidole gumba. Ikikatika kwa mlio mkavu, tayari. Ikipinda kwanza, irudishe juani. Jua likiwa zuri ni siku nne au tano, na kilo 3 mbichi hubaki kama kilo 1 tu, kwa hiyo piga hesabu ya malipo ya wachumaji mapema. (Hilo ofisini tuliliita "upungufu", kana kwamba kuna mtu kaiba!)

Na mbichi usizilaze kwenye gunia usiku kucha. Hupata joto, zikaja kukauka nyeupe-nyeupe, na mnunuzi huziona kabla hujafungua mdomo.