Kabla hujagawa dodoso la msongo kazini

Meneja wa hoteli ya Kiwengwa au Paje akitaka kujua wafanyakazi wake wameelemewa kiasi gani, aghalabu huanza kwa kutafuta fomu mtandaoni. Fomu hutafsiriwa usiku, asubuhi hugaiwa kwenye chumba cha kulia cha stafu, na jioni msimamizi wa kila idara hupita kuzikusanya kwa mkono wake. Majibu huja mazuri: kazi tunaipenda, uongozi hauna tatizo, usingizi tunaupata. Mwezi wa pili wapishi wawili wameacha kazi bila ya kuaga. Ninayoyaandika hapa ni ya huyo meneja, ya mwanafunzi wa SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, anayetafuta data ya tasnifu, na ya kamati ya usalama kazini katika ofisi au hospitali yoyote ya Unguja na Pemba: yale yanayotakiwa yawe tayari kabla karatasi ya kwanza haijatoka.

La mwanzo ni kuamua unapima nini. Wengi hupima moyo wa mfanyakazi, kama ana huzuni, kama ana hasira, kama analala, kisha wakiona hali mbaya humpeleka semina ya kujituliza na kuvuta pumzi. Utafiti wa zaidi ya miaka arubaini umeelekea kwengine: umeitazama kazi yenyewe. Mwaka 1979 Robert Karasek, kwa data za wafanyakazi wa Marekani na Sweden, alionesha kwamba kinachoumiza zaidi ni mambo mawili yakikutana, kazi inayodai mengi na mtu asiyekuwa na kauli juu ya namna ya kuifanya. Mwaka 1988 Jeffrey Johnson na Ellen Hall wakaongeza la tatu, msaada wa wenzako na wa mkubwa wako. Johannes Siegrist wa Ujerumani, mwaka 1996, akaja kwa njia nyengine: juhudi na malipo yake, na malipo kwake si mshahara tu, ni heshima na uhakika wa ajira vilevile.

Sasa mtazame mhudumu wa vyumba. Ana vyumba vyake vya kumaliza kabla ya wageni wapya kuingia, wageni wa jana wamechelewa kutoka, na yeye hana ruhusa ya kupanga aanze na kipi wala ya kumwita mwenzake amsaidie kugeuza godoro. Mkataba wake unakwisha masika yakiingia. Nadharia zote tatu zimekaa kwenye mgongo wa mtu mmoja, na hakuna hata moja inayohitaji kujua kama yeye ni mwepesi wa moyo. Aliyeko mapokezi ana mzigo wa namna nyengine, ambao Arlie Hochschild aliueleza mwaka 1983 kwa kuwachunguza wahudumu wa ndege: analipwa ili aoneshe furaha ambayo pengine hanayo. Mgeni anapiga meza kwa sababu maji ya moto yamekatika, naye anatakiwa acheke naye mpaka zamu iishe.

Kwa hiyo chagua dodoso linalouliza mambo hayo. Dodoso la Copenhagen, lililochapishwa na Tage Kristensen na wenzake mwaka 2005 na kupata toleo la tatu mwaka 2019, linauliza kasi ya kazi, kauli ya mfanyakazi, msaada, uwazi wa majukumu, na hata kulazimika kuficha hisia. Uingereza, idara ya usalama kazini ina dodoso fupi la maswali 35 linalogusa maeneo sita: madai ya kazi, udhibiti, msaada, mahusiano, majukumu na namna mabadiliko yanavyoletwa. Kwa hoteli ya wafanyakazi wasiofika mia, mimi ningechukua hilo fupi na kuongeza maswali machache ya kuficha hisia. Dodoso refu linachosha, na mtu aliyetoka zamu ya usiku atapiga vema safu moja kutoka juu mpaka chini.

Kabla ya kumuuliza mtu yeyote, kaa na karatasi ulizonazo. Ratiba za zamu za miezi iliyopita, daftari la mahudhurio, ruhusa za ugonjwa, daftari la ajali, maombi ya advansi, orodha ya walioondoka. Ratiba inayobandikwa Jumapili jioni kwa ajili ya Jumatatu asubuhi inakwambia jambo kuhusu kauli ya wafanyakazi bila ya kuuliza swali hata moja. Saa nazo zihesabiwe kweli. Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani walikadiria mwaka 2021 kwamba kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki kunaongeza hatari ya kiharusi kwa asilimia 35, na ya kufa kwa maradhi ya moyo kwa asilimia 17, ukilinganisha na saa 35 hadi 40. Na kwamba mwaka 2016 watu 745,000 walikufa duniani kwa maradhi hayo mawili yaliyotokana na saa nyingi za kazi. Makadirio hayo ni ya saa za kazi, lakini mpimaji wa hapa asiache kuuliza na safari. Anayekaa Mwanakwerekwe akafanya kazi Nungwi, gari la stafu likimchukua alfajiri na kumrudisha baada ya Isha, zamu yake ya saa nane kwenye karatasi ni siku nzima ya maisha yake.

Kalenda nayo inaharibu tafiti nyingi. Baadhi ya madodoso huuliza hali ya mtu kwa wiki nne zilizopita, basi wiki nne hizo ni zipi? Ukipima Ramadhani, umempima mpishi anayepika chakula cha mchana cha wageni hali amefunga, na akitoka bado ana futari ya kupika kwake. Ni jambo linalostahili kupimwa, lakini usilisome kama hali ya mwaka mzima. Ukipima Aprili au Mei, mvua za masika zikiwa zimepunguza wageni na baadhi ya hoteli zimefunga, utawakuta wale tu waliobakishwa, na hao ndio wenye mikataba mizuri. Pemba msimu wa karafuu hubadili hata ofisi: familia nzima iko mashambani, na karani aliyekaa mbele yako jana alikuwa juu ya mkarafuu mpaka jua linakuchwa. Kwa hoteli, upimaji wa maana ni wa mara mbili, mmoja wageni wakiwa wengi, Julai au Agosti, na mwengine pakitulia.

Kuna na wale wasiokuwepo siku yoyote utakayochagua. Waliobaki kazini ni wale walioweza kustahamili. Aliyeshindwa ameshaondoka, na jibu lake limeondoka naye. Baadhi ya walioacha wapigiwe simu na mtu ambaye si mkubwa wao wa zamani. Mara nyingi mazungumzo hayo yana faida kuliko jedwali zima.

Jambo linalohitaji matayarisho makubwa kuliko yote hapa kwetu ni muhali, ile haya ya kumsema vibaya mtu wa karibu. Mtu atakwambia kazi nzuri kwa sababu msimamizi ni jirani yake Mkwajuni, au ndiye aliyemwombea kazi, au mama zao wamesoma Kurani chuo kimoja. Kumsema ni kumvunjia sitara, na habari itafika nyumbani kabla yake. Huo si uwongo wa kumlaumu mtu; ni gharama anayoikwepa, na ni kazi yako wewe mpimaji kuiondoa. Fomu isipite mikononi mwa msimamizi wala wa idara ya rasilimali watu. Weka sanduku lenye kufuli mahali pasipo na kamera, au mlete mtu wa nje aondoke nazo siku ile ile. Ukitumia fomu ya simu, hakikisha haidai barua pepe wala haimlazimishi mtu kuingia kwa akaunti yake. Na kumbuka wapo wanaotumia simu moja na mume, au na mdogo wao anayesoma skuli.

Idara ndogo zina hatari yake. Bustanini wako wanne. Ukiuliza jinsia, umri na anakotoka mtu, umeshamjua kwa jina. Punguza maswali ya utambulisho mpaka ikuume, unganisha idara ndogo, na uape mapema kwamba kundi la chini ya watu kumi halitatolewa matokeo yake peke yake. Uape mbele ya meneja, naye akisikia.

Anayeuliza ana uzito wake pia. Hotelini wapo waliotoka Bara na wapo wa kijijini hapo hapo, na kuna mambo kila upande hauwezi kuyasema mbele ya mwengine, hasa nani anapandishwa cheo na nani anaishia bustanini. Maswali ya udhalilishaji, wa mgeni au wa mkubwa, yaulizwe na mwanamke kwa wanawake, faragha. Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba namba 190 mwaka 2019 juu ya ukatili na unyanyasaji kazini, na maelezo yake yanasaidia kutunga maswali hayo bila ya kubabaisha.

Tafsiri ijaribiwe na watu watano au sita wa idara tofauti kabla ya kugawa. Usiwaulize kama wameelewa. Waulize wameelewa nini.

Upande wa sheria ni mfupi, ila unakosewa sana. Masuala ya kazi si ya Muungano, kwa hiyo kunakili sheria za Bara kwenye utangulizi wa ripoti ni kosa. Zanzibar ina Sheria ya Ajira namba 11 na Sheria ya Usalama na Afya Kazini namba 8, zote za mwaka 2005. Kama ni utafiti wa kuchapishwa au wa chuo, kibali cha serikali na idhini ya kamati ya maadili vitafutwe miezi kabla. Kwa mambo ya afya mlango ni Taasisi ya Utafiti wa Afya Zanzibar, ZAHRI. Ukiingia kijijini kuzungumza na wakulima wa mwani au wachumaji karafuu, sheha aone barua yako kwanza.

Kisha jiandae kwa jibu usilolitarajia. Ukiuliza watu kuhusu kukata tamaa, siku moja mtu atakujibu kweli, na huwezi kumwambia asante ukageuza ukurasa. Ujue mapema ni nani atampokea. Unguja ipo Hospitali ya Kidongo Chekundu, ya maradhi ya akili, lakini wengi hulikimbia hata jina lake, basi uwe na mlango mwengine: kituo cha afya cha karibu, muuguzi ambaye umeshazungumza naye na amekubali kupigiwa simu. Pemba zungumza na hospitali ya wilaya kabla hujavuka na madodoso yako.

La mwisho ni la meneja peke yake, na lifanyike wiki kadhaa kabla. Muulize ni vitu gani yuko tayari kuvibadilisha: ratiba itoke wiki mbili mbele, idadi ya vyumba ipungue siku za wageni wengi kutoka, gari la stafu liwe na safari ya pili, mgao wa sevisi chaji ubandikwe ukutani. Akisema hakuna hata kimoja, usigawe fomu; utawafundisha watu kwamba kusema hakuna faida, na mpimaji atakayekuja baada yako atakuta midomo imefungwa. Akikubali hata viwili, andika juu ya fomu tarehe ambayo matokeo yatasomwa kwa sauti kwenye chumba cha kulia, mara mbili, ili na zamu ya usiku isikie. Karatasi zenyewe zisibaki hotelini hata usiku mmoja, na siku ya kuzichoma iandikwe kwenye mpango tangu sasa.