Jinsi ya Kupiga Picha za Sweepstakes, Merikebu Iliyozama Ziwa Huron

Sweepstakes ni merikebu ya matanga iliyoundwa mwaka 1867. Iliharibika karibu na Kisiwa cha Cove mwezi Agosti 1885, ikakokotwa hadi Bandari ya Big Tub huko Tobermory, nchini Kanada, na mwezi uliofuata ikazama humo humo. Hadi leo imelala kwenye kina cha mita 6 hivi, mbao zake nyingi zikiwa bado zimeshikana, kwa sababu maji ya ziwa ni baridi na hayana wadudu wa baharini watoboao mbao.

Jiandikishe kwanza kwa wasimamizi wa Fathom Five, hifadhi ya majini ambamo merikebu hii imo. Ikiwa umezoea kuzamia baharini, punguza vipande vya risasi (madini mazito) unavyovaa mkandani ili uzame: maji baridi yasiyo na chumvi ni mepesi zaidi, hivyo mzamiaji ambaye pamoja na vifaa vyake ana kilo 100 huondoa takriban kilo mbili na nusu. Usilipuuze jambo hili, kwani mwenye uzito wa ziada huburura miguu chini na kutibua tope.

Kamera ifungie kwenye kasha lake ukiwa umetulia, si juu ya boti inayoyumba. Pitisha kidole polepole kwenye oringi yote, yaani pete ya mpira inayozuia maji; unywele mmoja uliolala juu yake unatosha kupitisha maji. Kisha tumbukiza kasha kwenye ndoo na uangalie kama linatoa mapovu.

Tumia lenzi pana na usogee karibu, kwa maana kila sentimita ya maji iliyopo kati yako na merikebu hupunguza rangi na ukali wa picha. Kwa picha ya merikebu nzima, zima flashi na utegemee jua la mchana, ambalo katika kina hicho bado lina nguvu. Kwa msumari au kiungio cha mbao, washa flashi mbili, uzitanue mbali na lenzi na kuzielekeza nje kidogo. Zikimulika mbele moja kwa moja, kila chembe ya tope itang'aa kama theluji.

Elea juu ya sitaha, piga miguu kwa mtindo wa chura, usiguse ubao wala kuingia ndani. Kabla ya kupanda, sikiliza injini za boti za watalii zinazopita juu.

Ukishatoka, usifungue kasha mpaka lipate joto la hewa ya nje, la sivyo umande utatanda kwenye lenzi.