Kabla hujabadilisha solenoidi ya VVT-i nyumbani: mambo ya kuzingatia

Solenoidi hii ni vali ndogo ya umeme kwenye VVT-i, mfumo wa Toyota wa kurekebisha muda wa kufunguka kwa vali za injini. Kwanza hakikisha mbovu ni yenyewe. Gari kutetemeka likiwa limesimama, kukosa nguvu, taa ya injini kuwaka: yote hayo yanaweza kuletwa na plagi au koili ya plagi. Tafuta fundi mwenye mashine ya kusomea gari, akuandikie kodi, yaani namba za hitilafu, kwenye karatasi, usikubali akwambie kwa mdomo tu. P0010 inahusu umeme wa solenoidi, yaani waya, soketi au koili iliyomo ndani yake. P0011 na P0012 zinasema kamshafti, shafti inayofungua vali, imetangulia au imechelewa kuliko kompyuta ilivyoagiza, na hapo mara nyingi mkosaji ni oili. Kifaa hiki kazi yake ni kufungua na kufunga njia ya oili inayosukuma gia ya kamshafti. Oili ikishakuwa nyeusi na nzito kama lami, hata solenoidi mpya itanasa. Kwa hiyo kama hukumbuki mara ya mwisho ulimwaga oili lini, anza na hilo, weka na filta mpya, ndipo uhukumu.

Angalia waya. Hapa Tabora gari likilala siku tatu panya wanahamia.

Kama una mita ya umeme, chomoa soketi upime pini mbili za solenoidi. Kwenye injini ya 1NZ, ambayo imo kwenye IST, Probox na Vitz nyingi, nzima inasoma kati ya omu 6.9 na 7.9 kwenye nyuzi joto 20. Kwa jua letu la Oktoba ikipanda ikagusa 8 usishtuke. Isiposoma chochote, koili imekatika, hakuna cha kusafisha hapo.

Dukani usiombe "sensa ya VVT" kama tulivyozoea kusema. Hiyo si sensa, na ukiomba sensa utapewa sensa ya kamshafti, urudi nyumbani na kifaa kisichoingia popote. Nenda na ya zamani mkononi. Linganisha urefu, soketi, na tundu la bolti. Ya mtumba iliyotoka kwenye injini nzima ni bora kuliko mpya ya bei ya karanga, lakini ringi yake ya mpira nunua mpya. Ringi ni ya shilingi chache, isikufanye ubane senti.

Injini iwe imepoa kabisa. Toa waya wa hasi kwenye betri. Puliza na kufuta vumbi lote kuzunguka kifaa kabla hujagusa bolti, na usifanyie kazi chini ya mwembe. Najua kivuli ni hicho na mji wetu ni wa miembe, lakini mwezi wa saba na wa nane yale maua yanadondoka kama pumba, na tundu ukishalifungua linaelekea moja kwa moja kwenye njia ya oili.

Bolti ni moja, spana namba 10. Solenoidi ikigoma kutoka, izungushe kushoto na kulia kwa mkono mpaka ilegee. Usiinyanyue kwa bisibisi, alumini inachimbika na hapo umejitengenezea mlango wa kuvuja.

Sasa nisikilize vizuri. Ikishatoka, kabla ya jambo lingine lolote, tazama shingo yake. Ringi ya zamani ipo? Kama haipo, imebaki ndani ya tundu.

Mimi sikutazama. Nilikuwa na haraka, kesho yake nilikuwa nampeleka mama msibani Urambo. Nikachomoa ya zamani, nikaiweka pembeni, nikachomeka mpya yenye ringi yake, nikakaza. Ilikuwa nzito kidogo kuingia, nikasema ni kwa sababu ni mpya. Nikawasha, injini ikatulia kama imetoka bandarini. Hakuna tone. Nikalala usingizi mzuri.

Asubuhi tukaondoka. Gari lilivuta vizuri hadi tulipokaribia Usoke, mama akasema, "Mwanangu, kuna harufu ya kuungua." Nikamjibu ni wakulima wanachoma mashamba. Baada ya muda taa nyekundu ya oili ikawaka. Badala ya kuzima palepale nikajiambia nifike kwanza kwenye nyumba zile mbele. Hazikuwa mbali, lakini zilitosha. Injini ikaanza kugonga kabla hatujafika.

Nilipofungua boneti, oili ilikuwa imetapakaa kwenye altaneta, kwenye mkanda, kila mahali. Kijiti cha kupimia kilitoka kikavu. Dereva wa lori la tumbaku akasimama, akamsalimu mama shikamoo, akainama, akaniuliza swali moja tu: "Dogo, jana ulifungua nini?" Nikamwonyesha. Akachomoa solenoidi, akaomba pini ya khanga ya mama, akaiingiza kwenye tundu akizungusha taratibu. Ikatoka ringi ya zamani, imekauka, bapa, nyeusi tii, imeshikana na ukuta wa tundu kiasi kwamba ungeapa ni sehemu ya injini. Ile mpya ilikuwa imekatwa upande mmoja kama imeng'atwa. Ringi mbili haziwezi kukaa pahala pa moja. Wakati gari limesimama zilivumilia, mwendo ulipokolea presha ya oili ikaisukuma ile mpya nje.

Mama alipandishwa basi peke yake, akafika watu wameshatoka makaburini. Aliyezikwa ni mdogo wake. Mimi nilirudi Tabora nimefungwa kamba nyuma ya lori, na injini ile mpaka leo ikiwashwa asubuhi inagonga kwanza ndipo itulie.

Kwa hiyo hesabu: imetoka ringi moja, inaingia ringi moja. Mulika tundu kwa tochi, pitisha kidole kisafi kuzunguka ukuta wake, uhisi ulaini mtupu. Paka ringi mpya oili, sukuma solenoidi kwa mkono ikiwa imenyooka mpaka ikae yenyewe. Ikibaki uwazi, usiivute kwa kukaza bolti. Itoe, utazame tena. Bolti yenyewe ikaze kwa kiasi tu, nyuzi za tundu lake ni za alumini.

Injini nyingi za Toyota zina pia kichujio kidogo cha wavu kwenye kichwa cha silinda, nyuma ya bolti yake. Kisafishe siku hiyohiyo. Ukitumia petroli, mbali na jiko la mkaa.

Ukimaliza, washa dakika kumi ukiwa umesimama pale unatazama. Kisha zunguka mtaani kwako, si safari, urudi upime oili na kumulika tena. Weka lita moja ya akiba kwenye buti. Watoto wasisogee boneti ikiwa wazi, shati la mikono mirefu livue kabla ya kuwasha, na oili uliyomwaga iweke kwenye dumu lenye kifuniko, usiimwage mtaroni wala karibu na kisima.