Somo: Kuandika tuhuma za jinai katika wasifu wa mtu aliye hai

Swali la jinsi ya kuandika tuhuma za namna hii nimelijibu mara nyingi mno katika kurasa za majadiliano za Wikipedia ya Kiswahili, kwa hiyo naliandikia somo moja la kudumu.

1. Blogu, mitandao ya kijamii na taarifa za "inasemekana" si vyanzo.

2. Tafuta vyanzo viwili vinavyojitegemea. Magazeti matatu yaliyonakili taarifa ya shirika moja la habari ni chanzo kimoja.

3. Hakikisha kesi imefika wapi. Hapa ndipo nilipokosea mimi: gazeti liliandika kwamba mshtakiwa amekutwa na kesi ya kujibu, nami nikaandika kwamba amekutwa na hatia. Kuwa na kesi ya kujibu maana yake ni kwamba ushahidi wa upande wa mashtaka unatosha kumtaka ajitetee, basi. Mtu yule alijitetea, akaachiwa huru, ilhali sentensi yangu ilikaa miezi minne ikisomwa na yeyote aliyelitafuta jina lake. Kwa hiyo msimwite mshtakiwa mtu anayehojiwa tu na polisi, wala msiandike "alihusika" kabla ya hukumu. Angalieni pia kesi ilivyokwisha. Katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, mashtaka dhidi ya Uhuru Kenyatta yaliondolewa na mwendesha mashtaka Desemba 2014, na yale ya William Ruto yalifutwa na majaji Aprili 2016 bila kumtangaza kuwa hana hatia. Kuandika kwamba "walishinda kesi" ni kosa, na kuishia Januari 2012, mashtaka yalipothibitishwa, ni kosa kubwa zaidi.

4. Ikiwa mhusika si mtu maarufu na hajatiwa hatiani, acha.

Maswali

Swali: Mbona mmenifutia? Habari hiyo kila mtu anaijua, imezagaa WhatsApp.
Jibu: Soma hatua ya kwanza.

Swali: Sasa nchi nzima inajua, ninyi mnamlinda nani?
Jibu: Simlindi mtu, ndugu. Lete chanzo, nami nitairudisha sentensi yako kwa mkono wangu.

Swali: Shikamoo mwalimu. Nimepata hukumu yenyewe katika TanzLII, tovuti ya hukumu za mahakama za Tanzania. Je, si bora kuliko gazeti?
Jibu: Marahaba, mwanangu, umeuliza jambo la maana. Hukumu ni ya kweli, lakini majina hufanana, rufaa huenda ikaitengua, na sisi si wanasheria wa kuamua aya ipi ina uzito. Itumie kukagua lililoandikwa na gazeti au kitabu, usiitegemee peke yake.

Swali: Na kiungo cha gazeti kikifa?
Jibu: Hifadhi nakala katika Wayback Machine, tovuti inayotunza nakala za kurasa za mtandao, siku ileile unapoandika, kisha weka kwenye tanbihi jina la gazeti, tarehe na kichwa cha habari, ili atakayekuja aweze kulitafuta hata maktaba.

Swali: Toleo la karatasi linakubalika?
Jibu: Linakubalika kabisa, ongeza namba ya ukurasa.