Somo: Sahani na karatasi zikubaliane. Mpango wa chakula wa CACFP (Child and Adult Care Food Program), unaomlipa mlezi anayelea watoto wa watu nyumbani kwake Marekani kwa milo anayowapa

Mgeni wangu wa kwanza wa kushtukiza alibisha hodi saa sita kasorobo mchana, na siku hiyo nilikuwa najiamini kweli. Watoto wanne walikuwa mezani wanamalizia kula: ndizi mzuzu za kuchemsha, maharage ya nazi, vipande vya chungwa, na maziwa kila mtu kikombe chake. Yule mama kutoka kwa mdhamini wangu, yaani shirika linalonisimamia na kunilipa kwenye mpango huu, akasalimia, akaketi pembeni, akaitazama meza, halafu akauliza kwa upole: "Nafaka iko wapi?" Nikamwonyesha ndizi. Akatikisa kichwa. Kwa hesabu za USDA, wizara ya kilimo ya Marekani, ndizi mzuzu ni mboga. Mkate wa ngano nzima ulikuwa juu ya friji, hatua mbili kutoka pale, na milo minne ya mchana haikulipwa.

Tangu siku ile wanachama wa kikundi chetu cha walezi wananiuliza, "Dada, wewe unapitaje kwenye hizi kanuni?" Basi naandika hapa mara moja. Sisi tuliokulia kwenye ugali na uji tunapika vizuri. Tunachokosea ni kudhani chakula kizuri kinajihesabu chenyewe. Mpango huu unalipa kile kilichowekwa mezani kwa kipimo chake, mbele ya mtoto aliyeandikishwa, kikaandikwa siku ileile. Kimoja kikikosekana, umelisha bure.

Hatua ya kwanza: pata mdhamini

Mlezi wa nyumbani hadai pesa serikalini moja kwa moja. Fedha zinatoka USDA, zinapita kwenye idara ya jimbo lako, zinafika kwa mdhamini, naye ndiye anayekulipa. Uwe na leseni au kibali cha jimbo kwanza. Mdhamini atakupa mkataba, atakufundisha kabla hujaanza, na mafunzo hayo yanarudiwa kila mwaka. Soma mkataba wako wote, hata kama macho yanauma. Jimbo linaweza kuongeza masharti yake juu ya yale ya taifa.

Hapo ndipo unapopangiwa daraja la malipo. Daraja la 1 linalipa zaidi. Unaliingia kwa njia mbili: ama unaishi eneo ambalo angalau nusu ya watoto wanastahili chakula cha shule cha bure au cha bei ya punguzo, ama kipato cha nyumba yako hakizidi asilimia 185 ya kiwango cha umaskini cha taifa. Ukiangukia Daraja la 2 usikate tamaa: watoto ambao familia zao zina kipato kidogo wanaweza kulipiwa kwa kiwango cha juu, ilimradi wazazi wajaze fomu.

Hatua ya pili: fomu ya kila mtoto

Fupi tu. Mtoto asiye na fomu ya uandikishaji iliyosainiwa na mzazi huwezi kumdai, yaani kuomba malipo ya milo yake, hata kama umemlea mwaka mzima. Fomu inaonyesha siku anazokuja, saa zake na milo anayokula kwako, na inafanywa upya kila mwaka. Mzazi akibadilisha zamu kazini, rekebisha fomu. Mtoto aliyeandikwa wa asubuhi tu, halafu unamdai chakula cha jioni kila siku, lazima utaulizwa.

Na mzazi usimtoze pesa ya pembeni kwa mlo unaoudai.

Hatua ya tatu: sahani

Hapa ndipo penye kazi, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mchana na jioni makundi ni matano, na yote yawepo: maziwa, nyama au mbadala wake, mboga, tunda, nafaka. Tunda unaweza kulibadilisha kwa mboga ya pili ya aina tofauti. Asubuhi ni matatu: maziwa, mboga au tunda, nafaka. Mara tatu kwa wiki, si zaidi, unaruhusiwa kuweka nyama au mbadala wake, tuseme yai, mahali pa nafaka ya asubuhi. Kitafunio ni makundi mawili kati ya yale matano. Juisi na maziwa peke yake si kitafunio, na juisi yenyewe ni mara moja tu kwa siku, iwe ya matunda au mboga kwa asilimia mia.

Vipimo vinafuata umri. Mtoto wa miaka 3 hadi 5 mchana apate robo tatu ya kikombe cha maziwa, aunsi moja na nusu ya nyama (aunsi ni kama gramu 28), robo kikombe cha mboga, robo kikombe cha tunda na nusu aunsi ya nafaka, yaani nusu kipande cha mkate au robo kikombe cha wali uliokwisha kupikwa. Wa miaka 1 na 2 maziwa ni nusu kikombe, nyama aunsi moja, mboga na tunda kila kimoja sehemu ya nane ya kikombe. Mimi nina vikombe vya kupimia vimening'inia kwenye msumari juu ya jiko. Wageni wanadhani ni pambo.

Sasa vyakula vyetu:

Ndizi mzuzu, muhogo, viazi vitamu: vyote mboga. Ukiviweka, bado unadaiwa nafaka. Ugali wa unga wa muhogo nao si nafaka.

Ugali wa mahindi unahesabiwa kama unga ni wa nafaka nzima au umeongezewa virutubishi. Geuza pakiti usome viambato. Neno la kutafuta ni "whole" au "enriched". Ukikuta "degerminated" (kiini kimeondolewa) bila "enriched", rudisha dukani. Uji wa ulezi mzima ni nafaka nzima, na hiyo ni habari njema, kwa sababu kila siku angalau nafaka moja unayotoa lazima iwe hivyo.

Maharage na dengu ni mboga au ni mbadala wa nyama, si vyote viwili katika mlo mmoja. Robo kikombe cha maharage yaliyopikwa ni sawa na aunsi moja ya nyama. Yai kubwa moja ni aunsi mbili. Kuku unampima nyama iliyopikwa bila mfupa, kwa hiyo kile kibawa kimoja kinachomfurahisha mtoto huenda hakifiki.

Sukuma wiki iliyopikwa, robo kikombe ni robo kikombe. Majani mabichi ya saladi yanahesabiwa nusu: weka kikombe kizima upate nusu.

Maziwa! Hapa tunaanguka wengi. Maziwa uliyopikia uji au chai hayahesabiwi hata tone. Lazima yawe ya kunywa, au ya kumiminia nafaka kavu ya asubuhi. Mtoto wa mwaka mmoja anapewa maziwa yenye mafuta yake yote ("whole"), yasiyoongezwa ladha. Kuanzia miaka 2 hadi 5 kanuni iliyoanza Oktoba 2017 inataka ya mafuta asilimia 1 au yasiyo na mafuta, nayo pia bila kuongezwa ladha. Friji yangu ina madumu mawili, na nimefunga utepe mwekundu kwenye lile la mtoto mdogo ili nisichanganye asubuhi nikiwa na usingizi.

Biskuti tamu, keki na donati hazilipwi kama nafaka, hata ukizioka mwenyewe kwa mapenzi.

Hatua ya nne: andika leo

Rekodi ni tatu: waliohudhuria, menyu, na idadi ya milo kwa aina yake. Mwisho wa siku ziwe zimejaa. Mwisho wa siku si mwisho wa wiki. Najua ilivyo, mtoto mmoja analia, mwingine anamwaga, mzazi kachelewa, unasema nitaandika kesho. Kesho ukikumbuka kuwa kaka mtu aliondoka saa tano kwa daktari, una kumbukumbu nzuri kuliko mimi. Mimi naandika watoto wakiwa bado wanatafuna, simu ikiwa imeegemea chupa ya maji.

Mlo ukibadilika, badilisha menyu. Ulipanga samaki ukaishia mayai? Andika mayai.

Kwa kila mtoto unaweza kudai kwa siku milo miwili na kitafunio kimoja, au vitafunio viwili na mlo mmoja. Ukimlisha mara tano ni ukarimu wako. Karatasi zitunze miaka mitatu baada ya mwaka husika kwisha, pamoja na fomu.

Hatua ya tano: mgeni

Mdhamini atakuja angalau mara tatu kwa mwaka, na angalau mbili kati ya hizo bila kukuarifu. Angalau moja ya hizo za kushtukiza ataangalia watoto wakila. Mlezi mpya anatembelewa ndani ya wiki nne za mwanzo. Atalinganisha siku tano za hesabu yako na mahudhurio na fomu, ndiyo maana nikasema sahani na karatasi zikubaliane.

Ukitoka na watoto saa ya chakula, maktaba au bustanini, mjulishe mdhamini kabla. Akikuta mlango umefungwa na wewe umedai mchana, mlo huo umepotea. Makosa mazito yana hatua zake: unaandikiwa, unapewa muda wa kurekebisha, na una haki ya kukata rufaa. Usiporekebisha unaondolewa, na jina lako linaweza kukaa miaka saba kwenye orodha ya taifa ya waliozuiwa. Kusahau dumu la maziwa ni kitu cha kurekebisha. Kumwandika mtoto ambaye hakuja ni kitu kingine kabisa, na sina ushauri wa kumpa anayefanya hivyo.

Maswali ya wanachama

Mama Mapacha: Shikamoo dada. Mandazi je? Unga wangu ni "enriched" na sukari ni kidogo sana.

*Marahaba mdogo wangu. Unga wako hauna tatizo, shida ni karai. Kukaanga kwa kuzamisha kwenye mafuta nyumbani kwako hakuruhusiwi kwenye mpango huu. Chapati ya kwenye kikaango na mafuta kidogo, sawa, ila kama unataka ihesabiwe nafaka nzima, unga mzima uwe angalau nusu.*

Mlezi Mpya: Mwanangu mwenyewe ana miaka 4 na anakula na wenzake. Namdai?

*Ndiyo, kwa masharti mawili: kipato cha nyumba yako kiwe ndani ya kile kiwango cha asilimia 185 na mdhamini awe amekithibitisha, na mezani pawe na angalau mtoto mmoja aliyeandikishwa asiyeishi kwako. Kuingia Daraja la 1 kwa sababu ya mtaa peke yake hakutoshi. Siku watoto wa watu hawakuja, wako anakula chakula cha mama yake.*

Zamu ya Usiku: Mimi nalea kuanzia saa nane mchana hadi saa tano usiku. Nakosa pesa ya asubuhi na mchana, si ndiyo?

*Unaikosa, lakini jioni yako ni nzuri: kitafunio, chakula cha jioni, kitafunio cha pili. Hakikisha tu kibali chako kinafunika saa hizo na mdhamini ana ratiba yako ya milo.*

Bibi wa Wote: Nina mtoto wa miezi minne, mama yake anakuja kumnyonyesha kwangu saa sita. Mimi sijampikia kitu.

*Shikamoo bibi. Unadai. Mama akinyonyesha hapo kwako, au akileta maziwa yake kwenye chupa nawe ukamnywesha, mlo unahesabiwa. Kwa mtoto mchanga lazima uwe tayari kutoa angalau aina moja ya maziwa ya kopo yenye madini ya chuma. Mzazi akikataa, aandike. Vyakula vingine ni karibu na miezi sita akiwa tayari, na juisi hapana hadi atimize mwaka.*

Jirani Mwema: Kuna mtoto maziwa ya ng'ombe yanamsumbua tumbo. Mama anasema nimpe ya mlozi.

*Ya mlozi kwa kawaida hayafikii virutubishi vya ya ng'ombe, kwa hiyo hapo utahitaji karatasi ya mtaalamu wa afya mwenye leseni. Maziwa ya soya yenye virutubishi sawa na ya ng'ombe yanakubalika kwa barua ya mzazi tu. Mwombe mdhamini orodha ya aina zinazokubalika kabla hujanunua katoni nzima.*

Mama Mapacha: Viwango vya malipo ni vipi mwaka huu?

*Hubadilika kila Julai 1, kwa hiyo siandiki namba hapa, mtu atakuja kuisoma miaka miwili baadaye anigombeze. Alaska na Hawaii wana viwango vyao. Na usisahau kwenye kodi: malipo ya watoto wa watu ni mapato ya biashara, na chakula ulichowanunulia ni gharama. Ya mtoto wako mwenyewe hayaingii upande wowote.*

Mlezi Mpya: Nisamehe, naandika menyu na hesabu za wiki nzima Jumapili jioni ili nisisahau. Kosa?

*Menyu panga Jumapili, hata mimi napanga. Hesabu ya watoto huwezi kuiandika kabla hawajala, mama. Mgeni akija Jumatatu asubuhi akaona Ijumaa imeshajazwa utamweleza nini? Futa leo hii.*

Jirani Mwema: Na mtoto akikataa mboga kabisa? Nimeweka, hakugusa.

*Umeweka kipimo chake? Basi umedai kihalali. Usimlazimishe, na usimwambie atapata tunda akimaliza mboga, chakula hakitumiki kama zawadi wala adhabu. Wangu mmoja alikaa wiki sita akiipangusa sukuma wiki pembeni ya sahani kwa kidole. Wiki ya saba akala ya jirani yake.*