Namna ya Kupata Santuri za Zamani Mombasa bila Kulanguliwa

Tangu wakusanyaji wa ng'ambo waanze kuzisaka santuri za Afrika Mashariki, bei yake imepanda, na muuzaji mwenye simu huchungulia Discogs, soko la santuri la mtandaoni, kabla hajakutajia bei. Akikuonyesha bei inayoombwa huko, mwombe afungue historia ya mauzo, kwani inayoombwa na iliyolipwa hupishana sana.

Anayetaka unafuu aanze kwa wasiojihesabu kuwa wauza santuri: wauzaji wa vitu vikuukuu Kongowea, mafundi wa redio, na zaidi ya wote wenye nyumba za Mji wa Kale na Majengo ambako gramafoni iliharibika zamani, sahani zikabaki juu ya kabati. Nyumbani kwa watu usiingie na swali la bei. Pelekwa na mtu anayejulikana, amkia, kisha uliza habari za nyimbo zenyewe. Ukiambiwa ni za marehemu, subiri familia ishauriane. Wakikubali, chukua kasha zima kwa bei ya jumla, maana kuchagua moja moja humfanya mwenye mali ashuku kwamba hiyo uliyoishika ina thamani kubwa.

Kabla ya kulipa, itoe sahani kwenye ganda na uilaze mkabala na jua, uipitishie ukucha taratibu: mkwaruzo unaokwama ukuchani utasikika, ilhali ule unaoonekana tu mara nyingi haudhuru. Itazame pia kwa ubavu, usawa wa jicho, ujue kama imepinda. Madoa meupe ya ukungu, ambayo kwa unyevu wa pwani yetu si ajabu, hayapaswi kukutisha. Aghalabu hutoka kwa maji yaliyokenekwa (distilled water) na kitambaa laini. Sahani nzito za mizunguko 78 kwa dakika zisiguswe kwa spiriti, kwa sababu huyeyusha lakiri (shellac) ambayo zimetengenezewa, na zinahitaji sindano nene kuliko ya sahani za plastiki.

Kwa maoni yangu, mwenye mfuko mwepesi awaachie wengine benga na rumba za miaka ya 1970, wanazogombania ma-DJ wa dansi wa Ulaya, atafute taarabu: sahani ndogo za mizunguko 45 za Juma Bhalo, kwa mfano, au zenye lebo ya Mzuri, ya Assanand & Sons wa hapa hapa Mombasa. Ukizipata, zisimamishe wima mbali na dirisha. Zikirundikwa kwa ulalo kwenye joto letu hupinda.