Mla kaa wa Tanga kwenye mkanda mweusi na mweupe

Pwani ya Tanga ina mgeni wa msimu ambaye ningemtumia kumfundisha mtu yeyote anayetaka kujua mkanda wa kamera wa picha nyeusi na nyeupe unafanya nini. Ni mla kaa, Dromas ardeola: mwili mweupe pe, mgongo mweusi, mdomo mnene wa kuvunjia magamba. Huzaa kwenye mashimo anayochimba mchangani, huko Bahari ya Shamu, Oman na Ghuba ya Uajemi, kisha hushuka kwetu kuanzia Agosti. Kaskazi ikikolea wapo kwa makundi, na wengi hubaki hadi Aprili.

Kabla ya kamera, jua maji. Yakipwa, ndege hutawanyika matopeni na huwapati. Yakijaa, hubanana kwenye fungu la mchanga lililobaki au juu ya matuta ya mashamba ya chumvi. Chagua bamvua, maji yanapojaa kuliko kawaida: siku ya mwezi mpevu au mwandamo, na siku mbili zinazofuata. Siku hizo maji hujaa kuanzia saa kumi alasiri hivi, yakichelewa kama dakika 50 kila siku, na ukiitazama bahari jua liko mgongoni mwako. Maji mafu, yale ya nusu mwezi yasiyojaa sana, yaache. Hujaa mida ya saa nne asubuhi, jua linakupiga usoni, na fungu halizami, kwa hiyo ndege hawana haja ya kusogeleana.

Fika saa nane. Shamba la chumvi lina mwenyewe, basi piga hodi: "Shikamoo mzee, naomba nikae kwenye tuta lako hadi jioni." Ukishaitikiwa, egemea mchu, mti wa mikokoni, na utulie. Usiwafuate ndege, maji yatakuletea. Lenzi ya milimita 300 inatosha. Ukiona shingo zote zimeinuka kwa pamoja, shusha kamera, usijitikise. Wanapumzika pale, na kuwarusha ili tu upate picha ya mabawa ni kuwaonea.

Saa hizo za kusubiri ndizo ninazozipenda kuliko zote, kwa sababu ya makinda. Mgongo wa kinda ni wa kijivu, haujawa mweusi. Humfuata mzazi hatua kwa hatua, kichwa ameinamisha, akipiga miluzi ya kuomba. Amesafiri bahari nzima na bado analishwa kaa mdomoni! Weka shabaha kwenye jicho la mzazi na usubiri midomo ikutane. Kwenye picha utapata nyeusi, nyeupe na kijivu cha katikati, vyote kwa ndege wawili.

Sasa mwanga. Mimi natumia mkanda wa Ilford HP5 Plus kwa ISO 400 (kipimo cha wepesi wake wa kunasa mwanga), na filta ya njano ili anga iwe nzito kidogo na weupe wa ndege usimame. Filta hiyo inakula stopu moja, yaani nusu ya mwanga. Usiamini mita ikielekezwa kwenye mchanga; itadanganywa na mng'ao, na mgongo utatoka giza tupu. Pima kiganja chako kikiwa juani, kisha ongeza stopu moja. Jua kali la alasiri hunipa takriban 1/1000 ya sekunde, tundu la lenzi likiwa f/8, filta ikiwemo, likishuka, 1/500.

Hapo umeuokoa weusi. Weupe unaokolewa kwenye dawa ya kusafishia mkanda, na hapa ndipo joto la Tanga linaponitia wasiwasi. Dawa yangu, ID-11, ikichanganywa sehemu moja kwa sehemu moja ya maji, huhitaji dakika 13 kwa nyuzi 20. Kwa ndege hawa nakata hadi 11, manyoya ya kifuani yasije yakaungua, yaani yakatoka weupe mtupu pichani. Maji ya bomba huku ni ya moto mno. Nunua barafu za mifuko, zitie kwenye beseni la maji, na chupa za dawa zikae humo hadi kipimajoto kitulie. Barafu isiingie kwenye dawa yenyewe. Maji ya kusuuzia nayo yapoze, maana mkanda ukitoka kwenye baridi ukaingia ghafla kwenye joto, ngozi yake inaweza kujikunja vinyufa.

Kausha bafuni, mlango na dirisha vimefungwa, baada ya kumwaga maji ya moto sakafuni ili vumbi litue. Feni izime.